Jibu: Kwani reli za mzinga wa sumakuumeme si wazipake tu kitu kigumu?

Mkuu umeuliza mbona reli za shaba za mzinga wa sumakuumeme (silaha inayorusha risasi kwa nguvu ya umeme badala ya baruti) zinaliwa haraka na kama kuzipaka kitu kigumu si ingemaliza kesi. Inasaidia, ila sio kirahisi hivyo. Kile kipande cha alumini kinachoteleza katikati ya reli mbili kinayeyuka kwa nyuzi 660 tu, kwa hiyo kikipita kinaacha utando umegandia pale kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na spidi ikizidi sana kinachimba vishimo vyenye umbo la chozi. Ndo maana watu wakakimbilia kupaka metali zinazoyeyuka kwa nyuzi za juu sana, molibdeni (2,623) na tangsteni (3,422), shaba yenyewe inayeyuka kwa 1,085.

Sasa shaba ikipata moto inatanuka zaidi ya mara tatu ya molibdeni, basi koti, yaani ule upako, linabanduka magamba, hasa pale mwanzo wa reli ambapo kipande bado kinasuasua na moto wote unakaa sehemu moja. Mi ningeangalia koti linashikaje kwanza, ugumu baadae. Jeshi la Maji la Marekani walifika nishati ya megajuli 33 kwa risasi moja pale kituo chao cha Dahlgren, Virginia, 2010, 2021 wakasitisha mradi, na kuchakaa kwa reli kuliwasumbua sana.