Mita ya mezani ya zamani ikianza kudanganya

Mita ya mezani (multimeta ya kupimia volti, ampea na omu) ya miaka ya 1980 iliyonunuliwa mtumba Kariakoo, mara nyingi ugonjwa wake uko kwenye upande wa umeme. Usikimbilie kung'oa aisii (chipu, IC). Anza nyuma ya boksi.

Zilizotoka Marekani huja swichi ya volti ikiwa kwenye 115, na umeme wetu ni 230. Ihamishe kabla ya kuchomeka, kisha badilisha na fyuzi: ya 230 kwa kawaida ni nusu ya ile ya 115, soma kibandiko. Transfoma ikiungua hapa, kupata mbadala ni kazi ngumu kuliko matengenezo mengine yote.

Fungua boksi uangalie kapasita iliyo pale umeme unapoingilia. Ukiona ya chapa ya RIFA, ya manjano, yenye nyufa ndogondogo, itoe hata kama inapima vizuri. Ndani yake mna karatasi, na unyevu wa pwani ukishapenya kwenye nyufa hizo, siku moja inatoa moshi ukajaa chumba. Weka ya X2 (daraja la usalama la kapasita za umeme wa ukutani), volti 275 AC, thamani ileile. Iliyoungwa kati ya laini na ethi lazima iwe ya daraja la Y2.

Washa mara ya kwanza kupitia globu ya nyuzi ya wati 40 iliyoungwa kwa mfululizo. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikikaa inawaka kwa nguvu, kuna shoti.

Sasa pima volti za ndani: 5 kwa saketi za kidijitali, na mara nyingi +15 na −15 kwa analogi. Usiishie hapo, kwa sababu 5 inaweza kuonekana nzima na bado ikawa mbovu. Pima mtikisiko wa AC uliobaki kwenye hiyo 5: weka mita yako ya mkononi kwenye AC, waya wa kipimo ukipitia kapasita ya mikrofaradi 0.1 ili DC isiingie. Milivolti chache si tatizo. Zikiwa nyingi, kapasita kubwa ya kuchuja imekauka: 7805, yaani chipu inayodhibiti hiyo 5, inahitaji kama volti 7 upande wa kuingilia, na umeme ukishuka chini ya hapo mara 100 kwa sekunde, tarakimu zinacheza. Badilisha kwa uwezo uleule, volti sawa au zaidi, ya nyuzi joto 105.

Vipimo vikiyumba wakati umeme uko safi, shuku uchafu. Rezista ya megaomu 10 kwenye kigawanyo cha volti (rezista zinazopunguza volti kabla ya kupimwa) ikipitiwa juu na uchafu wa megaomu 1,000, umeshakosea karibu asilimia 1. Safisha bodi na swichi kwa alkoholi ya isopropili, kisha acha ikauke kabisa. Usiguse tena sehemu hiyo kwa vidole.

Mita ya HP 3478A inataka uangalifu wa pekee. Betri yake ya lithiamu ya volti 3 ndiyo inayotunza kalibresheni, yaani namba za kusahihisha vipimo. Ukiing'oa ovyo mita imezima, kalibresheni imekwenda. Kwanza unga betri mbili mpya za AA, zenyewe kwa mfululizo, sambamba na ile ya zamani kupitia daiodi ya Schottky (hupitisha umeme upande mmoja tu, ikipoteza volti kidogo), ndipo uibadilishe. Chomoa chuma cha kulehemu ukutani kila unapogusa pini.

Ukimaliza, iache iwake saa nzima ndipo uilinganishe na moduli ya AD584, kibodi kidogo kinachotoa volti za rejea za 2.5, 5, 7.5 na 10. Moduli hiyo inatosha kukuonyesha kosa kubwa tu. Kama vipimo vyako vinaenda kwa mteja anayelipia usahihi, ipeleke maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, Ubungo.