Kabla ya Kuhamia Mji Mwingine, Uliza Habari za Usiku Wake

Mtu akipangiwa kazi mji mwingine, swali lake la kwanza huwa "huko kuna joto au baridi?" Jibu la swali hilo halimsaidii sana. Kazi imenifanya niishi Dar es Salaam, Mbeya na Dodoma, na ndugu au rafiki anayejiandaa kuhama huwa namwambia aulize mambo mengine: usiku wa huko ukoje, hewa yake ina unyevunyevu kiasi gani, na mvua zinanyesha miezi gani. La usiku nalitanguliza. Mchana utakuwa kazini, utapata kivuli, utakunywa maji. Usiku ndipo mwili unapodai haki yake.

Chukua Dar na Dodoma. Mwezi wa Februari mchana wa Dar hufika nyuzi 32 hivi. Dodoma nayo mwezi wa Novemba hugusa 31, kwa hiyo ukisoma utabiri kwenye simu utadhani miji hiyo ni sawasawa. Lakini usiku wa Februari Dar joto huganda kwenye nyuzi 25, na hewa imejaa mvuke wa bahari. Jasho hupoza mwili linapokauka; hewa ikiwa imeshiba maji, halikauki, linatiririka tu. Ndilo fukuto lenyewe. Mtu anageuza mto, anashuka sakafuni kwenye mkeka, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Jua likizama, ardhi inaachia joto lake haraka, na usiku ukiingia vizuri unavuta shuka mwenyewe bila kuambiwa.

Simaanishi Dar haikaliki. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma, usiku unashuka hadi nyuzi 19 au chini kidogo, na utawaona watu na masweta kwenye daladala za alfajiri. Siri ya Dar ni nyumba. Ukitafuta ya kupanga, usiende kuiona asubuhi. Nenda saa tisa alasiri, ingia chumba utakacholala, funga mlango, kaa kidogo. Tazama kama madirisha yanapishana ili upepo uingie huku utokee kule. Kusi inatoka kusini-mashariki na kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo dirisha la upande wa mashariki lina thamani kubwa, isipokuwa limezibwa na ukuta wa jirani. Angalia juu pia: bati lisilo na dari litakupika mpaka usiku wa manane. Mimi nyumba yenye upepo naichagua mbele ya nyumba yenye marumaru, hata ikiwa mbali na barabara. Na wakati wa masika, viatu vya ngozi na vitabu vitoe juani kila linapochomoza, la sivyo vitaota ukungu kabatini.

Mbeya ni habari nyingine kabisa. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na mji huo uko kwenye mita 1,700 hivi. Mvua zake ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, nazo hunyesha kwelikweli; nguo za mtoto mchanga zinaweza kukaa kambani bila kukauka. Halafu Juni na Julai mvua hakuna, anga ni jeupe, jua linawaka, lakini ukiingia kivulini unatetemeka, na usiku nyuzi hushuka chini ya 10. Anayetoka pwani ajue kwamba nyumba nyingi hazina kifaa chochote cha kupasha joto, kwa hiyo baridi ya nje unalala nayo ndani. Nunua mablanketi mazito mapema. Ukipika maharage, yape muda zaidi, kwa sababu kwenye mwinuko ule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Na hapa naomba tusikilizane. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukalala nalo, hata kama makaa yanaonekana yameisha, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hazinduki kuikimbia. Kila msimu wa baridi familia hupotea hivyo. Ota moto sebuleni milango ikiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kwenda kulala.

Nikiambiwa nichague, nachagua Dodoma. Najua wengi watashangaa, maana sifa ya mji huo ni ukame na vumbi. Kwa mwaka mvua zake ni takriban milimita 600, karibu nusu ya zile za Dar, na zinamalizika mwezi wa Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu: midomo inapasuka, ngozi inapauka, watoto wengine hutokwa damu puani. Upepo wa Agosti na Septemba unaleta vumbi hadi ndani ya sufuria. Jipake mafuta mazito, weka maji ya kunywa karibu na kitanda, na mwenye pumu azungumze kwanza na daktari wake. Lakini nguo zinakauka ndani ya saa moja, jioni watu wanakaa nje bila kujipepea, na usingizi wa kule ni wa kushiba. Ukavu huohuo ndio unaozifaa zabibu zake.

Ukiweza, utembelee mji unaohamia katika mwezi wake mgumu: Dar Februari, Mbeya Julai, Dodoma Oktoba. Lala nyumba ya kawaida, si hoteli yenye kiyoyozi. Na kama unashuka na watoto kutoka nyanda za juu kwenda pwani, chandarua kitangulie kutundikwa kabla ya mizigo mingine kufunguliwa. Watoto waliokulia kwenye baridi hawajazoea malaria, kwa hiyo homa yoyote ikapimwe siku hiyohiyo.