Barua kwa mwanangu: Mafiga matatu ya Wabatak

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Ujumbe wako niliusoma, nikampa baba yako naye akausoma, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe bila kusema neno. Umeuliza: "Mama, wazee wa kwao mchumba wangu wanasema harusi ya kimila haiwezekani mpaka nipewe marga, yaani ukoo wa Kibatak, pamoja na baba na mama wa huko. Nikikubali, nitakuwa bado wenu?"

Ni wetu. Hilo lisikukoseshe usingizi. Ila mwaka 2011 nilikula na kulala kwa Wabatak, kule Sumatra, Indonesia, mwaka mzima, na naona umelipokea jambo hili kama kuvuliwa jina. Sivyo.

Ulikuwa darasa la tano dayosisi iliponituma. Kanisa letu la huku Usambara na HKBP, kanisa la Wabatak, yote yalianzishwa na wamisionari wa Kijerumani, na leo yamo katika umoja mmoja wa misheni wenye makao Wuppertal, Ujerumani. Ndivyo nilivyofika nyanda za juu za Humbang, karibu na Dolok Sanggul, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Toba. Asubuhi ya kwanza nilipofungua dirisha nikaona ukungu, mibuni, na wanawake wamejitanda shuka kwa baridi. Nikadhani niko Lushoto. Kilichonizindua ni mpunga bondeni na zile nyumba za kale, paa limebonyea katikati na ncha zake zimeinuka kama pembe za nyati.

Swali la kwanza niliulizwa kwenye basi, na bibi niliyeketi naye. Hakuuliza jina wala kazi. "Boru aha?" Binti wa ukoo gani? Nikajibu sina. Alinitazama kwa huruma kana kwamba nimesema sina pa kulala. Mbele yetu wanaume wawili waliokuwa hawajuani walianza kuhesabiana mababu kwa vidole, na kabla ya kituo kilichofuata mmoja alikuwa akimwita mwenzake babu, ingawa wote walionekana rika moja.

Wao husema maisha yamekaa juu ya Dalihan Na Tolu. Ukilileta neno hilo kwa Kiswahili ni mafiga matatu, haya haya ya jikoni kwa bibi yako. Figa la kwanza ni hula-hula, nyumba alikotoka mke. La pili ni dongan tubu, ndugu wa ukoo wako mwenyewe. La tatu ni boru, nyumba ambako mabinti zenu wameolewa. Hula-hula huheshimiwa sana, wakale waliwaita mungu anayeonekana kwa macho. Boru ndio wapishi na watumishi wa sherehe. Lakini hakuna aliye boru siku zote. Nilimwona mwalimu mkuu akikatakata nyama ya nguruwe tangu alfajiri, jasho linamtoka, kwa kuwa sherehe ilikuwa ya ukweni kwake. Wiki iliyofuata, kwa shemeji aliyemwoa dada yake, alikaa mkekani kifua mbele akaletewa sahani. Na nyama yenyewe haigawiwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe. Wanaita jambar. Mtu akikosa jambar yake haumii kwa njaa, anaumia kwa kuhesabiwa hayupo.

Sasa wewe ukiingia bila ukoo, jiko la mume wako lina mafiga mawili. Nani atakuwa hula-hula wake? Upande wa mume hutoa nyama, upande wa mke huleta samaki. Ni yule samaki wa arsik, apikwaye na manjano na andaliman, kiungo cha milima ile kinachofanya ulimi ufe ganzi. Upande wa mke ndio pia wenye kufunika watu kwa ulos, kitambaa chao cha kufumwa. Hayo yote hayawezi kuletwa na mtu asiye na nafasi. Ndiyo maana wanakutafutia wazazi, na mara nyingi huwa ni wa ukoo wa mama wa kijana, kwa wajomba zake.

Nakwambia ukweli, hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Siku ile mama yako wa kule ndiye atakayewafunika ulos hela, yaani ulos ya mkwe, wewe na mumeo, mimi nikitazama. Nimeshalia, nimemaliza. Nimekumbuka kwamba na mimi niliwahi kukaa mbele ya mzee na mkewe, wakaniwekea punje za mchele kichwani ili roho yangu iwe imara, wakanifunika ulos, nikawa boru Lumban Gaol, binti wa ukoo wa Lumban Gaol. Bibi yako alikuwa hai wakati ule, na hakupungukiwa na binti.

Wala usidhani utachukua huo u-Lumban Gaol wangu. Kule mtoto hufuata baba. Lakini wana wa yule mzee ni kaka zangu, kwa hiyo kwako ni tulang, wajomba. Unaona? Unaogopa kuingia kwa wageni na kumbe una wajomba wanakungoja. Tena marga ukishapewa haibadiliki kwa kuolewa. Utabaki binti wa ukoo ule mpaka uzeeni. Ukizaa, watakuita kwa jina la mtoto wako wa kwanza, Nai Fulani, kama huku tunavyosema Mama Fulani.

Marga si pambo la arusi, ndiyo inayosema nani alime wapi. Misitu ya Humbang ina mti wa haminjon, utoao ubani. Mgemaji hukwangua gome, hulitoboa, kisha husubiri miezi utomvu utoke na kukauka. Kabla ya kuanza hula itak gurgur, unga wa mchele na nazi na sukari uliofinyangwa kwa ngumi, na kuupaka mti kidogo, kwa maana wanasimulia kwamba mti ule ulikuwa msichana na ubani ni machozi yake. Mwaka 2009 kampuni ya malighafi ya karatasi iliikata miti hiyo katika msitu wa vijiji vya Pandumaan na Sipituhuta. Wanawake walitangulia mbele kuuzuia msumeno. Nilipokuwa huko ugomvi ulikuwa bado moto. Hati ya karatasi hawakuwa nayo, walichokuwa nacho ni mababu: nani alifungua msitu ule, nani alimrithisha nani. Desemba 2016 Rais Joko Widodo aliwakabidhi hati ya kuwatambua, ya zaidi ya hekta 5,000. Nilipopata habari nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Lakini lipo lililonikera na bado linanikera. Wanawake wale wale wanaopanda mpunga, wanaosimama mbele ya msumeno, kwa mila hawarithi ardhi. Inakwenda kwa wana wa kiume. Baba akipenda humpa binti shamba la kuolewa nalo, waliitalo pauseang, lakini ni mpaka apende. Ongea na mchumba wako jambo hili sasa, msio na haraka wala hasira, kabla hamjazaa mabinti. Jibu lake lisikilize kuliko unavyosikiliza nyimbo zake.

Usijibu wazee mpaka uniandikie mambo mawili: marga yake, na marga ya mama yake. Ukoo utakaopewa usiwe ule wa mume, maana mtakuwa kaka na dada na ndoa itakatazwa. Nikishajua nitawapigia wajomba zako. Ulos yangu imo sandukuni, nimeitoa nikaianika. Baba yako amerudi, anauliza Dolok Sanggul kuna baridi kiasi gani na kama viatu vyake vya kanisani vitafaa.

Mama yako