Konekta za Antena: Anza na Kebo, Kisha Mahali, Ndipo Masafa

Ukishapata leseni ya redio ya ridhaa na ishara yako ya mwito, iwe ya 5H ya Tanzania au 5Z ya Kenya, utasoma sana habari za redio na antena. Vile vipande vidogo vya chuma vinavyoviunganisha hutavisoma popote, na ndivyo vinavyoanza kuharibika. Mapokezi yakififia kila mvua ikinyesha, au SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ikicheza upepo ukivuma, kagua konekta kwanza kabla hujampelekea fundi redio.

Wengi huniuliza konekta ipi ni bora. Nami huwauliza: kebo yako ni ipi, na hiyo konekta itakaa ndani ya nyumba au juu ya paa? Masafa huyauliza mwisho.

Nyuma ya redio nyingi za HF (masafa ya megahezi 3 hadi 30), kwa mfano Icom IC-7300, kuna tundu la SO-239, na dume lake ni PL-259. Wauzaji huiita konekta ya UHF, yaani ya masafa ya juu mno, lakini usilitegemee jina hilo: ilibuniwa miaka ya 1930, enzi ambazo masafa yoyote ya juu ya megahezi 30 yalihesabiwa kuwa makubwa mno. Utawasikia wazoefu wakiikashifu kwamba haina omu 50 kamili, ukinzani ambao redio na kebo yake vimeundwa kuufuata. Ni kweli haina. Lakini megahezi 7 wimbi lina urefu wa meta 40 hivi, na konekta yenyewe ni sentimeta chache tu. Kasoro hiyo haina pa kuonekana. Hata megahezi 145 bado inafanya kazi vizuri. Ukifika 430 ndipo kasoro inapoanza kuhesabika, na hapo konekta ya aina ya N ndiyo chaguo langu. Hata watengenezaji wanafanya hivyo: Icom IC-9700 ina SO-239 kwa megahezi 144, na N kwa 430.

Kwa hiyo kama unaanza na HF, usitumie fedha zako kununua N kila mahali. Zitie kwenye kebo. Meta 20 za RG-58, ile kebo nyembamba, kwenye megahezi 145 hupoteza kama desibeli 4, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya redio yako inaishia kuipasha kebo joto. RG-213, ile nene, ya urefu huohuo haifikishi desibeli 2. Hakuna konekta itakayokurudishia tofauti hiyo.

Kebo ndiyo pia inayoamua ukubwa wa konekta. RG-58 ina unene wa milimeta 5, RG-213 zaidi kidogo ya 10. PL-259 ya kawaida imetobolewa kwa ajili ya hiyo nene. Ukitaka kuivika RG-58 lazima ununue na kipunguzi chake, UG-175. RG-8X, ambayo ni nene kidogo kuliko RG-58, inatumia UG-176. Dukani vipunguzi hivi vinafanana sana, basi nenda na kipande cha kebo mkononi ujaribishe palepale kaunta.

Ukiwa hapo, iangalie PL-259 kwa makini. Plastiki ya ndani ikiwa nyeupe ya PTFE (Tefloni), itastahimili joto la kulehemu. Ile ya bei ya chini huyeyuka, pini ikahama katikati, na ukiingiza kwenye redio unalilegeza tundu la SO-239. Tazama pia rangi ya mwili wake. Uliopakwa fedha hushika risasi ya kulehemu vizuri. Wa nikeli huikataa, mpaka upige tupa kidogo kuzunguka yale matundu manne. Unapolehemu, vika kola kwenye kebo kwanza kabisa, maana ukiisahau itabidi ufumue kazi yote. Kisha sukuma kebo mpaka uuone wavu wa shaba ndani ya yale matundu, na risasi iingie humo. Chuma cha kulehemu cha wati 30 hakitoshi: kitachelewa kuupasha mwili, na wakati wote huo plastiki ya kebo inalainika. Tafuta cha wati 100, fanya haraka, halafu acha ipoe bila kuishika.

Zipo konekta za kubana bila kulehemu mwili, na mimi nazipenda kwa kazi ya juu ya mlingoti. Sharti uwe na koleo lake lenye tundu la kipimo sahihi, milimeta 5.4 kwa RG-58 na 10.9 kwa RG-213. Plaisi ya kawaida inaponda tu. Itashika leo, mwezi ujao itachomoka.

Sasa mahali. PL-259 haizuii maji. N ina mpira wake wa ndani, na kwa nyumba ya Tanga, Mombasa au Unguja, penye hewa ya chumvi, hiyo ni sababu nzito ya kuiweka upande wa antena hata kama uko HF. Lakini hata N huingiza maji kwa nyuma, pale kebo inapoingilia. Izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo ilaliane kama vigae, kisha funika kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme kuzuia jua. Kebo iachie kitanzi kinachoning'inia kabla haijaingia dirishani, maji yadondokee hapo.

Redio za mkononi zina mtego wake. Baofeng UV-5R ina SMA (konekta ndogo ya hesi) dume kwenye redio, Yaesu FT-60 ina jike, na antena ya moja haiingii kwenye nyingine. Antena za ruta za Wi-Fi ni za RP-SMA, yaani SMA iliyogeuzwa pini na tundu: hesi zinakubali kufungana lakini pini hazikutani, kwa hiyo usizinunue. Ukitaka kuunganisha redio ya mkononi na antena ya nje, tumia kipande kifupi cha kebo nyembamba, SMA upande mmoja na SO-239 upande mwingine. Adapta ngumu ikibebeshwa RG-213 italing'oa tundu la redio.

Konekta ya BNC inafaa kwa redio za kubeba porini: robo zungusho na umemaliza. Kebo ya televisheni ya omu 75 na konekta zake za F itumie kupokelea bila wasiwasi. Kurushia pia inawezekana kwa dipole (antena ya waya iliyogawanywa katikati), SWR ikiwa 1.5 hivi, ila wavu wake mara nyingi ni wa alumini na haushiki risasi.

Kila konekta mpya ipime kwa multimita kabla ya kupanda juu: pini kwa pini ipite, mwili kwa mwili upite, pini kwa mwili isipite kabisa, huku ukiikunja kebo karibu na konekta. Kwa kebo ya zamani, kata ncha na uutazame wavu. Ukiwa mweusi au wa kijani, maji yameshaingia; endelea kukata kidogo kidogo mpaka ukutane na shaba inayong'aa, na kama umekata meta moja nzima bila kuiona, nunua kebo nyingine.