Mgonjwa Hajaja? Tuanze na Aliyekuja

Katika kazi yangu ya unasihi, anayebisha hodi kwanza kwa sababu ya pombe mara nyingi si mnywaji. Ni mke wake, mama yake, dada yake, wakati mwingine mtoto mkubwa aliyechoka. Na swali ni lile lile: "Nitamletaje?" Wengi wamekwisha kuambiwa kwamba asiyetaka kuacha hasaidiki, sikio la kufa halisikii dawa, warudi nyumbani wasubiri mpaka maji yamfike shingoni mwenyewe. Ushauri huo siukubali. Aliyekuja ndiye mteja wangu, na kazi inaanza naye siku hiyo hiyo.

Sisemi hivyo kwa huruma tu. Robert Meyers na wenzake nchini Marekani walitengeneza njia ya kuwafundisha ndugu wa mnywaji, inayojulikana kwa kifupi kama CRAFT. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa watu 130 ambao ndugu zao walikuwa wamekataa katakata kutibiwa. Waliofundishwa CRAFT, asilimia 64 walifanikiwa kumwingiza mnywaji kwenye matibabu. Walioandaliwa kumwekea kikao cha kumkabili uso kwa uso, asilimia 30. Waliopata mafunzo ya mwelekeo wa Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi wanaosaidiana, asilimia 13. Hiyo namba ya mwisho isikufanye uidharau Al-Anon: tangu ilipoanzishwa mwaka 1951 lengo lake limekuwa kumtuliza ndugu, si kumvuta mnywaji. Nimeona watu wakipata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya kukaa na wenzao wenye msiba kama wao.

Ndugu anafundishwa nini? Kubwa ni kubadilisha lini unampa mtu ukaribu wako na lini unauondoa. Nyumba nyingi zinafanya kinyume bila kujua: akiwa mzima anasemwa kwa ya jana, akirudi amelewa ndipo anapokelewa, anavuliwa viatu, anabishiwa hadi usiku wa manane. Geuza. Kuzungumza na mlevi aliyelewa ni kupoteza sauti yako bure. Zungumza naye akiwa na akili zake, kwa maneno machache: "Jana jioni ulikuwa mzima, mtoto akafanya hesabu zake na wewe. Nilifurahi. Siku ukinywa, mimi nitalala chumba kingine, tutaongea asubuhi." Hapo hakuna "wewe kila siku", wala "ungekuwa unatupenda". Kuna ulichokiona, ulivyojisikia, utakachofanya. Kisha ukifanye kweli, maana ukitishia mara tatu bila kutenda, ya nne hataisikia.

Halafu kuna ile simu ya asubuhi kwa bosi wake: "Mume wangu ana homa." Simu hiyo iache, lakini mwambie kabla, akiwa mzima, kwamba kuanzia sasa atapiga mwenyewe. Deni la baa lilipwe na aliyekunywa. Mahitaji ya watoto ni jambo jingine, hayo usiyatumie kumkomoa.

Haya yote hayamhusu anayepigwa. Kama kuna kipigo au vitisho ndani ya nyumba, kinachotangulia ni pa kukimbilia, nyaraka zako mahali salama, na mtu mmoja nje anayejua hali halisi. Mazungumzo ya ukaribu yasubiri.

Sasa niseme jambo ambalo familia hulikosea kwa nia njema kabisa. Mtu anayeamka mikono inatetemeka mpaka azimue ndipo atulie, usimfungie chumbani wala kumwaga pombe yote ukisema leo ndiyo mwisho. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kuua. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumpiga ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo, moyo ukienda mbio na mwili ukichemka. Ndugu hudhani amerukwa na akili, kumbe ni dharura ya hospitali. Kuna dawa za jamii ya diazepamu za kumshusha taratibu, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Kwa mtu wa namna hii daktari anatangulia, mnasihi anafuata.

Nikiwa kwenye dawa: kuna ndugu huniuliza kama wanaweza kumtilia disulfiramu kwenye chakula bila yeye kujua. Hapana, kamwe. Dawa hiyo ikikutana na pombe humtapisha, humwenda mapigo mbio na kuweza kumshusha presha hadi kumuua. Inatolewa kwa mtu aliyekubali, anayejua anachokimeza, chini ya daktari. Zipo nyingine zisizotisha hivyo, kama naltrekisoni inayopunguza ile raha ya pombe na hamu yake. Waulize madaktari, maana wagonjwa wengi hawatajiwi kabisa.

Hatimaye siku moja mwenyewe anakuja, amenuna, na sentensi yake iko tayari: "Mimi si mlevi, wamenilazimisha." Mnasihi mbichi ataanza kumthibitishia kuwa ni mlevi. Atashindwa, kwa sababu kadiri unavyomsukuma ndivyo anavyojisikia mwenyewe akitetea pombe, na mtu huamini anayojisikia akisema. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller aliandika kuhusu hilo mwaka 1983, na ndilo chimbuko la mahojiano ya kuamsha ari. Mimi humwuliza: "Kuanzia sifuri mpaka kumi, kubadilisha unywaji wako kuna umuhimu kiasi gani kwako?" Atasema, kwa kuninyamazisha, "Labda tatu."

"Kwa nini tatu, kaka, si sifuri?"

Ananyamaza. "Sifuri... hapana. Binti yangu siku hizi akinisikia mlangoni anazima taa."

Ukiuliza kwa nini si tisa, angekupa sababu za kuendelea kunywa. Ukiuliza kwa nini si sifuri, anakupa za kuacha, na ni zake, hujamtilia mdomoni. Kazi yako hapo ni kumrudishia aliyosema na kumwacha aendelee.

Baadaye kuna njia nyingi za kuendelea naye: kuchambua mawazo na mazingira yanayomrudisha kwenye chupa, hatua kumi na mbili za AA, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, na kadhalika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997, wenye wagonjwa 1,726, ulilinganisha tatu kati ya hizo na kukuta matokeo yake yanakaribiana sana. Kwa hiyo msihangaike miezi mkitafuta njia bora kuliko zote. Tafuteni mtu asiyemdhalilisha mgonjwa, anayekubali kuonana na familia, na ambaye akisikia mgonjwa ameteleza hamfukuzi. Kuteleza ni kawaida. Kibaya ni ile fikra ya "nimeshaharibu, basi ninywe mpaka mwisho", na hiyo ndiyo tunayoifanyia kazi mapema, kabla haijamkuta peke yake.

Watoto waambieni ukweli kwa umri wao: baba anaumwa ugonjwa wa pombe, hukuusababisha wewe, na si kazi yako kumponya. Wakifichwa, hujitungia maelezo, na mara nyingi ndani yake wenye hatia ni wao.

Na jiandaeni kwa ugomvi baada ya kuacha. Hili huwashangaza watu. Miaka yote mke ndiye ameshika fedha, ameamua shule, amejua kila kitu. Mume ana miezi miwili bila pombe, anataka kuaminiwa leo leo, na anakasirika akinuswa mdomo. Wote wawili wana haki yao. Kwa wanandoa wa namna hii naandikisha mapatano ya dakika mbili kila siku, saa ile ile. Mume anasema: "Sijanywa tangu jana, na nakusudia kutokunywa mpaka kesho." Mke anajibu kwamba anashukuru. Wanaweka alama kwenye kalenda. Katika dakika hizo hakuna kuuliza, hakuna kunusa, hakuna ya mwaka juzi. Ya mwaka juzi wanakuja nayo kwenye kikao, na huwa ni mengi.