Watu wako wa fantasia wamefikaje hapo?

Juzi dogo mmoja kaniandikia inboksi, anaandika riwaya ya fantasia, "kaka nimeunda makabila saba, kila moja na mungu wake, nguo zake mpaka rangi ya macho, ila stori haisogei, nifanyeje?" Nimeisoma mara tatu maana huyo ni mimi kabisa, mimi wa miaka sita nyuma.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa hivyohivyo. Watu wa Ukungu mlimani, wapole. Wachimba Chumvi jangwani, wakali. Ramani nilichora mwenyewe kwa rangi, wiki mbili. Ukarudi umekataliwa, na ukurasa wa 12 mhariri kaandika kwa peni nyekundu "Hawa wamefikaje hapa?" Basi, maneno matatu tu kwa kazi ya miaka miwili. Iliniuma, na bado inaniuma, hata ramani hakuisifia.

Jibu nililipata msibani Songea. Bibi ananitajia koo za waliokaa mkekani: Gama, Zulu, Mbano, Komba, Haule, mkeka mmoja huo. Sisi Wangoni tunajisifu tumetoka kusini mwa Afrika na ni kweli, kiongozi wetu Zwangendaba alivuka mto Zambezi na watu wake 1835, wakapanda mpaka Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, akafia huko, wakagawanyika. Lakini njiani walizoa watu, wengine mateka, wengine walijiunga, kina Mbano asili yao Wakalanga wa Zimbabwe ya leo, na huku Ruvuma wakakuta wenyeji wakaoa, watoto wakaongea lugha ya mama zao, ndo maana Kingoni cha Songea leo ukimpelekea Mzulu wa Afrika Kusini, ndugu wa asili yetu, hakuelewi, atashtukia majina na maneno mawili matatu. Yaani walioshinda vita ndo waliopoteza lugha! Kwenye riwaya yako nani kapoteza nini?

Halafu wakati wa kutoa jeneza mama mmoja wa Kihehe akajilaza mlangoni, hatoki mtu mpaka apewe hela yake, kajifunga shuka la marehemu kiunoni, watu wanacheka na machozi yanawatoka. Wahehe tulichinjana nao karne ya 19, leo ni watani, wanatuzika. Hiyo huwezi kuibuni ukiwa umekaa na orodha ya rangi za macho.

Nikarudi nikafuta karibu kila kitu. Watu wa Ukungu sasa walikuwa wavuvi, mto ulikauka wakapanda mlima, hakuna maji ya kuogelea hata bata ila kila nyumba ina kasia ukutani na kila mwezi bibi analipaka mafuta, mjukuu hajui la nini. Mswada huo mwaka jana ulikubaliwa, na sifichi furaha yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi acheni kugawa tabia kama sare za shule, hawa wapole hawa wakali. Hakuna kabila la hivyo duniani. Uliza nani aliwafukuza, njaa au vita, walimkuta nani, walioa wapi, wanamtania nani leo. Uliza tena na tena, na kabla hujachora ramani nenda kamsikilize bibi yako angali hai, wangu kaondoka mwezi wa nne.

Dogo nilimwambia achukue kabila moja tu kati ya yale saba alirudishe nyuma vizazi vinne. Saa saba usiku kanijibu, "kaka, wale wa jangwani kumbe wana neno la mashua."