Jibu: Mtoto hataki hadithi, anataka vitabu vya wanyama tu
Waalaykum salaam dada. Umeuliza umfanyeje mwanao wa darasa la nne anayekimbia hadithi. Muache, huko nako ni kusoma. Ila usiishie kumuuliza "umesoma nini?" Muulize: aliyeandika kajuaje? Mathalani popo wa Pemba, hapatikani kwengine duniani ila kisiwani kwetu. Asome habari zake, kisha mpeleke Kidike, kwenye hifadhi ya popo hao, akamtazame mchana kaning'inia mitini: manyoya rangi gani, mbawa kazikunja vipi. Akirudi achore, aandike majina ya viungo pembeni. Mfunze na kutumia faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu, maana wako wanaomaliza skuli hawaijui. Hadithi asimuliwe tu kwa mdomo. Bibi yake si yupo?